Mvumo kwenye preamp ya santuri: nimehangaika kuuondoa, mzee akaniuliza injini iko wapi

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Atakayebisha abishe, ila asome mpaka chini kwanza, maana mafundi wa humu mna tabia ya kurukia komenti.

Mimi ni fundi redio, TV na simu hapa Ruangwa. Sijisifu, ila kitu kikifika mezani kwangu mara nyingi kinaondoka kinaongea.

Baba yangu anaishi Mtua, upande wa Nachingwea, pamoja na dada yangu mkubwa, Skola. Enzi zake mzee alikuwa mtu wa jenereta pale misheni. Mama alikuwa mwanakwaya. Mama ameshatangulia, miaka kadhaa sasa.

Sasa kuna santuri.

Kabla sijazaliwa, padri mmoja mgeni alikuja na tape recorder kubwa akairekodi kwaya kanisani. Wimbo mmoja, mama anaimba peke yake, wengine wanaitikia. Padri aliporudi kwao akachongesha santuri moja tu kutoka kwenye ile tepu, akamtumia mama kama zawadi.

Mama aliifunga kwenye kitambaa akaiweka chini ya nguo zake maisha yake yote. Nyumbani hatukuwahi kuwa na kitu cha kuipigia.

Siku ile ya kurekodi misheni nzima ilimsikia mama, isipokuwa baba. Yeye alikuwa kwenye kibanda cha jenereta, maana bila umeme hakuna kurekodi.

Na hapo ndipo ulipoanza utani wa nyumbani kwetu. Mama alikuwa akisema, "Baba Skola, siku ile injini yako nusura izime. Ulitaka kuniharibia wimbo wangu."

Mzee anaruka. "Injini yangu haikuyumba hata kidogo!"

Wamebishana hivyo miaka na miaka, mpaka mama anatutoka.

Msimu huu wa korosho Skola akanipigia simu. Amempeleka mzee kwa daktari wa masikio. La kushoto limeshakwisha. La kulia nalo linaondoka, na daktari kasema ni suala la miezi.

Nikaomba niongee na mzee. Ikabidi nipige kelele mpaka wateja wakageuka.

Akaniambia, "Ansgari, wewe si fundi? Nataka nimsikie mama yako kabla hili halijafunga."

Nikajibu sawa baba, kirahisi tu, kama nimeambiwa nibadilishe betri za rimoti.

Turntable, mashine ya kupigia santuri, nilipata kwa mwalimu mstaafu pale Nachingwea. Nzima, mkanda wake mzuri, sindano bado kali. Tatizo haina preamp. Kwa wasiojua, umeme unaotoka kwenye sindano ni mdogo mno, lazima ukuzwe kabla haujaingia kwenye amplifaya. Sasa ukikuza kitu kidogo namna hiyo, unakuza na kila takataka iliyo karibu. Nikaamua kuitengeneza mwenyewe.

Halafu niliifungua ile santuri ya mama, wakuu, nikaishiwa pozi.

Si ya plastiki kama hizi mnazozijua. Ni bati la aluminiamu limepakwa utando mweusi, na utando wenyewe umepasuka-pasuka kama rangi ya ukuta wa zamani. Ukigusa kwa ukucha unabanduka.

Maana yake kila nikiipiga, sindano inaondoka na kipande cha mama.

Kwa hiyo plan ikawa moja. Natengeneza preamp mpaka iwe safi kabisa, najaribia santuri nyingine aliyonipa mwalimu, halafu ya mama naipiga mara moja tu huku laptop inarekodi. Basi.

Jaribio la kwanza nikawasha.

MMMMMMMMM.

Na juu yake SHHHHH kama samaki kwenye mafuta.

Nilianza kumlaumu jirani mwenye mashine ya kusaga. Nikapakia kila kitu kwenye pikipiki Jumamosi nikaenda Mtua, kule hakuna mashine karibu. Nawasha, mvumo ule ule. Nilimsingizia mwenzangu bure.

Nikasema tatizo ni earth, waya wa kwenda ardhini. Nikapigilia nondo ardhini nyuma ya nyumba, nikafunga waya. Kiangazi hiki ardhi imekauka kama tofali, nikamwagia maji ya chumvi ndoo nzima ili ishike.

Mvumo ukaongezeka.

Da Skola akatoka akakuta nimemwaga maji ya chumvi kwenye tuta lake la mchicha. Yaliyosemwa hapo siyaandiki. Mchicha ulikufa wote, na mpaka leo nikifika ananiuliza kama nimekuja na chumvi.

Kosa langu ni kwamba tayari kulikuwa na earth ya nyumba kupitia amplifaya, mimi nikaongeza ya pili. Mvumo ukapata njia ya kuzunguka. Nilipong'oa nondo ukapungua nusu.

Muda wote huo mzee amekaa kwenye kiti anatutazama. Nikimwita kwa sauti ya kawaida hageuki. Wiki mbili kabla alikuwa anageuka.

Nilirudi Ruangwa roho juu. Kazi za wateja nikaziweka pembeni, kichwani ni mmmmm tu.

Nikabomoa nikaanza upya. Transfoma nikaitoa nje ya boksi kabisa, nikaweka betri mbili ndogo za volti tisa. Waya zote za ground nikazikutanisha sehemu moja, sio kila moja na kwao. Waya wa kuingilia nikatumia wa maikrofoni, ule wenye wavu ndani. Boksi nikatumia kopo la mafuta ya kula, nalo nikaliunga ground. Waya mwembamba unaotoka kwenye turntable, ambao mwanzo niliuona wa ziada nikaukunja pembeni, kumbe ndio wa ground. Nikaufunga.

Ile sauti ya shhhh ilitoka kwenye rizista za mkaa nilizonyofoa kwenye redio mbovu. Nikaagiza za metal film, zisizo na kelele, kutoka Dar, zikaja na basi. Nikabadilisha na IC, ile chipu inayokuza sauti, nikapunguza na gain, yaani kiwango cha kukuza, maana nilikuwa nimeipandisha kwa tamaa.

Nikawasha. Kimya.

Nikadhani nimeunguza kitu. Nikaweka santuri ya mwalimu, gitaa hilo, safi! Nilicheka peke yangu ofisini.

Jumamosi nikarudi Mtua. Nikaweka santuri ya mama, nikaishika sindano kwa mikono miwili.

Ikashuka.

MMMMMMM.

Nikainyanyua haraka. Mvumo ukakata. Nikaweka ya mwalimu, hakuna mvumo. Hapo mafundi mmeshaelewa. Mvumo haukuwa wangu. Umo ndani ya santuri yenyewe, umeingia siku ile ile ya kurekodi.

Na kwenye sindano kulikuwa na unga mweusi. Sekunde kumi tu zile! Nilijisikia vibaya mno, nikaupuliza huku nimempa mzee mgongo asione.

Nikakaa na hilo wiki nzima. Nikatengeneza filter, saketi ndogo inayokata mvumo peke yake na kuacha sauti ya mtu. Nikairekebisha mpaka macho yakaniuma. Nikaiweka ndani ya kopo pamoja na swichi ya kuiwasha na kuizima.

Jumamosi iliyofuata nikaipiga nzima. Filter imewashwa, laptop inarekodi, mzee amevaa headphones. Mimi nasikilizia spika ndogo.

Wakuu, mama yangu alikuwa binti.

Sauti changa, ya juu, haina haraka. Mimi namkumbuka anakohoa, analalamika mgongo. Da Skola alikuwa mlangoni na ungo wa mbaazi, akauweka chini akajifunika uso kwa khanga. Katikati ya ubeti wa pili sauti iliyumba kidogo, nikajua ni mkanda wa turntable, nikaulaani kimoyomoyo. Ila sindano ilifika mwisho salama.

Mzee akavua headphones. Macho yamelowa.

"Ni yeye," akasema.

Nikashusha pumzi. Nikaanza kukusanya waya.

"Lakini injini iko wapi?"

Nikadhani sijasikia vizuri. Akarudia. "Injini yangu. Nilikuwa nyuma pale pale. Mbona haipo?"

Nikamweleza kwa majivuno, nikimpigia kelele sikioni, kwamba baba, ule mvumo nimeuondoa, ilikuwa kazi kubwa.

Akanitazama kama nimeuza shamba lake.

"Irudishe."

Nikamwonyesha unga mweusi uliojaa kwenye sindano. Nikamwambia tukiipiga tena inaweza isirudi. Da Skola akapandisha sauti. "Baba! Umemsikia mama, sasa unataka injini? Injini ya nini?"

"Nataka kusikia injini," mzee akasema. Hakupandisha sauti, na akavaa tena headphones.

Sijawahi kuogopa kitufe maishani kama kile cha filter. Nikakizima. Nikaanza kurekodi upya. Nikashusha sindano.

MMMMMM, na mama juu yake.

Safari hii mzee hakuwa anamsikiliza mama. Alikuwa amefumba macho, kidole kimoja juu, kama fundi anayesikiliza gari la mteja. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukaingia.

Mvumo ukanywea. Sauti ya mama ikayumba, pale pale nilipolaumu mkanda. Kama sekunde nne hivi mvumo unafifia, unafifia, halafu ukarudi kwa nguvu.

"Hapo!" mzee akapiga paja. "Hapo!"

Haikupita muda sindano ikagonga KRAA, ikaruka, ikaondoka na kipande kikubwa kama ganda la kitunguu. Nikanyanyua mkono wa turntable haraka. Ubeti wa mwisho ulikuwa mezani, umejikunja. Nilitaka kulia, nakiri.

Mzee wala hakuangalia.

"Mama yenu alisema kweli," akasema.

Da Skola akaja karibu.

"Pampu ya mafuta ilikuwa inavuta hewa. Lazima usimame pale uipige kwa mkono, ukiiacha kidogo injini inalegea. Mimi nikaiacha. Nikakimbia mpaka dirisha la kanisa nimsikilize. Nilipata maneno mawili matatu tu, nikasikia injini inakufa, nikarudi mbio."

Akavua headphones, akaziweka mapajani.

"Ningemwambia nini? Padri angenifukuza. Baadaye nikaona aibu. Halafu ikawa ndiyo mazoea, yeye anasema imeyumba, mimi nakataa. Amekufa nikiwa bado nakataa."

Da Skola akamshika bega. Mimi nikawa nafuta sindano ambayo ilishakuwa safi.

Nilichojifunza, wakuu. Kwa mafundi: usiweke earth mbili, usiweke transfoma karibu na input, usinyofoe rizista za mkaa kwa ajili ya preamp. Ukisikia mvumo, nyanyua sindano kwanza kabla hujabomoa kitu. Na usimwage maji ya chumvi kwenye mchicha wa dada yako.

La pili ni kwamba nilimfanyia mzee kazi wiki zote zile bila kumuuliza anataka kusikia nini. Nilijifanya najua mwenyewe. Hilo bado linaniuma, maana swali moja lingeiokoa santuri.

Ubeti wa mwisho ninao kwenye rekodi ile ya kwanza, isiyo na mvumo. Nimeiunganisha na ya pili, ila ukisikiliza unajua injini inapotoweka. Kama kuna mtaalamu wa kuzuia utando wa santuri za aina hii usiendelee kubanduka, naomba aniambie hapa hapa. Na kama una mzee mwenye kitu cha namna hii kabatini, tuambie umefanyaje.

Sikio la kulia lilifunga wiki tatu baadaye.

Nilimpelekea spika kubwa ya mbao. Da Skola anamwekea ile rekodi kila asubuhi baada ya uji. Mama hamsikii tena, lakini ule mvumo mzito anaupata kwa kiganja, anaweka mkono juu ya spika na kutulia.

Ukinywea, anainua uso na kumwambia Skola, "Sasa hivi niko dirishani."