Wagonjwa Husomwa kwa Majina

Kwa miaka ishirini na sita Verediana Kalinga, fundi cherehani wa Mlandege mjini Iringa, amesoma matangazo ya Jumapili katika kanisa lao la Kilutheri kule Ipogolo. Wachungaji sita wamekuja na kuhamishwa, yeye yupo. Ndoa huzisoma haraka, maana watu wameshazijua. Michango huisoma kwa sauti ya mtu anayetafuna ndimu. Wagonjwa huwasoma polepole, kwa majina: nani, wa mtaa gani, anaumwa nini. Mtu akisomwa Jumapili, Jumatatu kuni zinafika mlangoni kwake, na Jumanne kuna mwenye gari aliyekumbuka kwamba ana gari. Wengine huuita muujiza. Verediana huuita matangazo.

Sasa mdogo wake, Faustina, muuza viazi wa Uyole kule Mbeya, alikuwa amehamia kanisa jipya. Verediana alimpigia simu akiwa anapinda suruali ya shule.

"Mguu unaendeleaje, mdogo wangu?"

"Mguu ni mzima, dada."

"Juzi si ulisema kidonda hakijafunga?"

"Nilikosea. Na wewe usiniumbie kidonda kwa kinywa chako. Hata huko kanisani usinisome."

Verediana alikata uzi kwa meno. Faustina ana kisukari mwaka wa sita huu.

Siku ya pili akapiga simu Happy, binti wa Faustina. "Mama mkubwa, njoo. Kinanuka."

Verediana alipanda basi la asubuhi na hasira yake mapajani, kama mzigo usiokubalika kwenye buti. Alimkuta Faustina sebuleni, mguu wa kulia umefungwa kitenge, chumba kizima kimefukizwa ubani, na ubani umeshindwa. Happy akamvuta jikoni, akamweleza. Mtumishi Ezekia wa lile kanisa jipya anafundisha kwamba ugonjwa hauwi wako mpaka uutamke. Tangu Pasaka vidonge vimekaa kabatini nyuma ya vikombe vya wageni. Mguu ulipovimba, mama alikwenda duka la dawa. Muuzaji akamuuliza, mama, una kisukari? Akajibu, sina, kwa jina la Yesu. Basi akafungiwa bandeji na kuambiwa arudi baada ya wiki mbili.

Kumbe neno la Faustina lilikuwa na nguvu kweli. Lilimwondolea kisukari palepale, kichwani mwa muuza dawa. Mguuni halikufika.

Kabla Verediana hajamaliza kufungua kidonda, Mtumishi Ezekia aliingia na chupa ya mafuta: kijana msafi, mpole, miwani mizito kama vitako vya glasi.

"Bwana asifiwe, mama."

"Amina. Huu mguu unaoza."

"Mama, katika nyumba hii hatutamki mauti."

"Nimetamka mguu. Mauti unayaleta wewe."

"Imani huja kwa kukiri, mama yangu. Dada yetu amekiri uzima."

"Mtumishi, hiyo miwani ya nini?"

Aliigusa, kana kwamba imewekwa pale na mtu mwingine. "Ni... ya kusomea tu."

"Mbona umeingia nayo na hukuwa unasoma? Ivue. Kiri kwamba unaona, halafu uvuke barabara kuu hapo nje. Malori ya Tunduma yapo mengi, hutakosa moja la kukuthibitishia."

Happy alicheka, akaziba mdomo. Mtumishi alisema ana wagonjwa wengine wa kuwaombea. Neno *wagonjwa* lilimponyoka, akalisikia mwenyewe, akatoka upesi na chupa yake.

Faustina alikuwa analia. "Dada, nikisema, itakuwa kweli."

"Ni kweli mwaka wa sita sasa."

"Naogopa."

"Ogopa, lakini ukiwa hospitali. Yule kipofu wa Yeriko aliulizwa na Bwana mwenyewe anataka nini. Angejibu, naona vizuri, ahsante, si angebaki pale njiani mpaka leo? Alisema shida yake mbele za watu, na waliomnyamazisha walikuwa haohao waliojiona karibu na Bwana. Inuka."

Hospitalini daktari aliuliza, "Mama ana ugonjwa wowote wa muda mrefu?"

Verediana alikwishafungua kinywa. Akakifunga. Kwa mtu wa kazi yake hiyo ilikuwa taabu kubwa kuliko kupanda mlima Kitonga kwa miguu. Faustina aliangalia sakafu, akaangalia kitenge chake, akavuta pumzi.

"Kisukari, daktari. Niliacha dawa tangu Pasaka."

Mguu waliuokoa. Vidole viwili havikuokolewa.

Siku Verediana anarudi Iringa, Faustina alimshika mkono pale kitandani. "Jumapili unisome, dada. Usiruke kitu."

Jumapili Verediana alisimama, akaweka karatasi sawa. Alisoma ndoa, haraka. Alisoma michango. Kisha, polepole: "Faustina Kalinga, wa Uyole, Mbeya. Kisukari. Amekatwa vidole viwili vya mguu wa kulia." Karatasi iliishia hapo. Yeye hakuishia.

"Vidole hivyo havikuhitaji kukatwa. Alikatazwa kusema anaumwa."

Mchungaji akakohoa kile kikohozi cha kumkumbusha mtu muda. Verediana alimsubiri amalize kukohoa, kisha akarudia, kwa sauti zaidi, kwa ajili ya waliokaa nyuma.