Pilau ya Mahafali ya Mwalimu Ponsiano

Tangu niondoke mwishoni mwa mwaka jana, shule inapikia gesi. Nasikia na mahafali ya mwaka huu wataita wapishi wa kukodi, wale wanaokuja na meza zao na vitambaa vya kung'aa. Haya, wajilie. Mimi nimepika pale nje ya Mlandizi miaka kumi na sita kwa kuni, macho yameharibika kwa moshi, na bado ukiniuliza leo natamani nini, nitakwambia nataka kurudi jikoni kule, saa nne asubuhi, Mwalimu Ponsiano anapita dirishani kunichokoza.

Naitwa Hajra, Mzaramo wa Kisarawe, Muislamu, na nilikuwa mpishi katika shule ya msingi ya mapadri. Ponsiano alikuwa Mnyamwezi wa Urambo, Mkatoliki asiyekosa misa ya asubuhi, mwalimu wa Uraia na Maadili. Wanyamwezi ni watani wetu, kwa hiyo tulitukanana kwa raha zetu tangu siku ya kwanza. Mimi namwita mpagazi, kwa mizigo ya misafara waliyobeba babu zake, yeye ananiambia Mzaramo akisikia ngoma anasahau sufuria motoni. Alikuwa mrefu, shati limechomekewa muda wote, mkali kwa watoto wavivu, na hajui kuzungukazunguka na maneno.

Kitabu cha somo lake alikuwa nacho, ila naamini alikifungua mkaguzi akija tu. Somo lenyewe alilifundishia wakati wa chakula. Mwezi wa Ramadhani aliwaomba watoto wa Kikristo wale nyuma ya jengo, wenzao waliofunga wasikae wananusa maharage. Hakuwalazimisha, aliwauliza wao wangependa watendewe vipi. Ijumaa, waliokwenda msikitini wakirudi walikuta wenzao wameshawanakilia somo la mchana. Ukifika wakati wa Kwaresma, watoto wa Kiislamu ndio waliokuwa wa kwanza kuwakumbusha wenzao kwamba leo hakuna nyama. Nilicheka sana siku ile katoto kalipokuja kushtaki jikoni eti Brighton ameomba mchuzi, na leo ni Ijumaa.

Na nyama ilikuwa na sheria yake. Kila mnyama pale alichinjwa na Mzee Isihaka, mlinzi wetu, ili watoto wote wale sufuria moja. Masheikh wana maelezo yao marefu kuhusu nani achinje. Mimi nakwambia ya vijijini kwetu, na vijijini kwetu nyama ni ya kuchinjwa na Muislamu, basi.

Sheria hiyo Ponsiano aliitolea ahadi kwa mdomo wake. Wazazi wa kijiji cha Gwata waliogopa kuleta watoto kwa mapadri, wakisema watabatizwa. Akachukua baiskeli, akaenda nyumba kwa nyumba. Aliyesikilizwa kule ni Mzee Hashiru, mkulima wa korosho na mihogo. Ponsiano alimwambia kwamba mjukuu wake atarudi Muislamu kama alivyokwenda, na hatalishwa kitu ambacho nyumbani kwao hakiliwi. Mzee akamleta, na Gwata nzima ikafuata. Gari la shule likawa halina nafasi.

Sasa, mahafali ya darasa la saba, mwaka 2018. Mjukuu huyo wa Mzee Hashiru naye alikuwa anahitimu. Tuna mbuzi wanne. Jioni ya kuamkia sherehe Mzee Isihaka akapata msiba wa shemeji yake kule Kisarawe, akaondoka, akaacha maagizo kwamba mpwa wake atakuja alfajiri kuchinja. Alfajiri ikapita. Mimi nilikuwa sokoni kufuata viungo, kwa hiyo haya niliambiwa baadaye. Mbuzi mmoja alikata kamba, akatumbukia kwenye mtaro wa msingi wa darasa jipya, shingo ikapinda, akawa anakoroma. Ponsiano ni mtoto wa wafugaji. Kwao mnyama akianguka hivyo hasubiriwi. Akaruka mtaroni na kisu, akamchinja. Alipopanda juu, kisu kinachuruzika, ndipo alipokumbuka yuko wapi.

Akaazimia kumtenga yule mbuzi. Kabla hajamwambia mtu, honi ikapigwa getini, mgeni rasmi amewahi. Akanawa mikono, akakimbia. Nyuma yake mpwa wa Isihaka akafika, akachinja watatu waliobaki, akachuna wote wanne, akawatundika pamoja. Nami nikarudi na viungo vyangu, nikakata nyama zote, nikapika pilau.

Saa saba, hotuba zimekwisha, wazazi wamepanga mstari, Ponsiano akaingia jikoni. Uso wake sikuwahi kuuona vile.

"Hajra, yule mbuzi wa mtaroni umemweka wapi?"

Nikamuuliza mbuzi gani. Akanieleza. Nikatazama masufuria yangu matano, nyama yote imechanganyika na wali, na harufu imefika mpaka kwenye maturubai. Nitasema ukweli, maana ndiyo sababu nimeanza kusimulia. Sikufikiria dini wala Gwata. Nilifikiria kazi yangu, aibu yangu, na njaa ya watu wale.

"Nyamaza, Mwalimu," nikamwambia. "Mungu anajua hukukusudia. Ngoja nipakue, nani atajua?"

Akaniangalia kidogo. Akatoka, akaenda kuchukua kipaza sauti.

Aliwaambia wazazi wote kwamba mbuzi mmoja amemchinja yeye, nyama imechanganyika, na Muislamu asiyetaka asile. Akasema mpishi hakujua, kosa ni lake peke yake. Wakristo wengine walikula, kwa nini wasile, na wengine waliona haya wakarudisha sahani. Mzee Hashiru alisimama, akamshika mjukuu wake mkono, akatoka getini, na watu wa Gwata wakamfuata mmoja mmoja. Ponsiano alibaki amesimama na kipaza sauti chake. Mkuu wa shule alimnunia mpaka shule inafungwa. Na mimi nilimkasirikia. Nikamwambia mpagazi wewe, umemwaga mzigo mwenyewe njiani. Hakucheka.

Desemba nzima tulijua Gwata imekwisha. Alikuwa akiongea nami jambo hilo tu, kwamba watoto wale wote watakaa nyumbani kwa sababu ya mkono wake.

Januari, siku ya kuandikisha, nilikuwa nachochea kuni nikasikia mtu anabisha hodi mlangoni pa jikoni. Mzee Hashiru, na kibinti amevaa sare mpya inayomzidi, anaitwa Saida. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba.

"Nimemleta mjukuu wa pili," akasema. "Mtu anayejisema mwenyewe mbele ya watu, mtoto wangu namwachia. Na wenzangu nao wako njiani wanawaleta. Tena wewe binti yetu upo hapa jikoni. Ungejua mapema ungetuambia."

Ningeweza kuitikia tu. Ponsiano alishanifunika, hakuna aliyejua zaidi yetu wawili. Lakini mzee alikuwa ananitazama kwa upendo, na ule upendo ulinichoma kuliko moto.

"Mzee, nilijua kabla ya kupakua. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze."

Akatazama sufuria, akanitazama mimi.

"Ahsante kwa kusema," akasema. Akamshika Saida mkono, akampeleka ofisini kwa Ponsiano, akamwandikisha.

Jumatatu Saida alishuka kwenye gari la shule amekumbatia hotpoti ya chakula cha kwao. Kengele ya mchana ilipolia, akakaa benchi moja na wenzake, akafungua, akala. Kesho yake vilevile. Nilidhani ni wiki moja, au muhula mmoja. Ponsiano alistaafu akarudi Urambo, na Saida bado alikuwa anashuka na hotpoti yake. Mtoto mwenye adabu, aliniamkia kila siku ya Mungu. Mwaka jana alimaliza la saba, na sikuwahi kumpakulia hata kijiko.