Mkono wa Bombomu

Wenzangu waligombana na waume zao kwa sababu ya pombe. Mimi niligombana na wangu kwa sababu ya vyuma.

Alikuwa fundi cherehani hapo Kisii mjini. Kila akienda sokoni alirudi na kipande cha bombomu ya kizamani, bunduki ya kumimina risasi, ile ya kuzungusha kwa mkono, iliyotupwa na askari wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Mitutu yake iliyofungwa pamoja aliikuta Mosocho, imekuwa nguzo ya zizi la mbuzi. Magurudumu aliyatoa Kebirigo. Vyote akaviweka chumbani mwangu, jamani, kando ya kitanda!

"Hivi vyuma tutavila?" nikamfokea.

Akajibu polepole. Ujanani alikuwa mpagazi wa vita. Alibeba bombomu ya namna hii mpaka mabega yakachubuka, na kila ilipozungushwa, watu walikufa. "Nataka kuiona ikizunguka mara moja tu, na hakuna anayekufa." Kutoka hapo nikawa ninamsaidia kupaka mafuta.

Ukabaki mkono wa kuzungushia. Akaukuta Nyakoe kwa mama mmoja aliyeufunga kwenye mashine yake ya kusagia wimbi. Mama akakataa katakata: "Yaya, hapana! Huu unalisha watoto wangu." Mzee wangu akamtengenezea mwingine mzuri zaidi, wakabadilishana.

Hata hajaufunga, wambea wakafikisha maneno kwa Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, kwamba fundi ana bunduki. Siku zile Mwafrika akikutwa na bunduki ni jela. Nikachungulia dirishani, nikamwona mzungu anashuka garini na askari wake. Mume wangu amesimama katikati ya chumba, mkono wa bombomu umemganda kiganjani.

"Lete hapa!" Nikamnyang'anya, nikakimbia jikoni. Mashine yangu ya wimbi ilikuwa sawa na ile ya Nyakoe. Nikachomoa mkono wake, nikatupa kwenye kuni, nikachomeka ule wa bombomu na kuanza kusaga.

Askari wakaikagua bombomu. "Haina mkono, bwana. Chuma chakavu tu."

Nikadhani wataondoka. Wapi! Bwana Shauri akaja jikoni, akavutiwa na mashine, akaomba ajaribu. Akazungusha, unga ukamwagika, akacheka mpaka akawa mwekundu. Nikawapa uji, maana kwetu mgeni haondoki mkavu. Akaaga, akasema tubaki na takataka zetu.

Gari lilipopotea, mzee akaufunga mkono mahali pake. Akashika, akasita, akanitazama.

"Zungusha basi!"

Kata-kata-kata! Kuku wakatawanyika uani. Watoto wetu walikuwa wakicheza nje, wakaisikia ile sauti, wakaja mbio kuifuata, wanagombania nani azungushe wa kwanza. Mume wangu akalia mbele yao, bila haya.

"Zungusha tena," nikamwambia. "Unga utasubiri."