Tumbaku Kwenye Darubini

Yule mtafiti sikumpenda tangu siku alipoingia kwangu Ruhuwiko. Binti mdogo, katoka Dar na wenzake na darubini yao ya bei mbaya, akampita mama yangu mzazi bila hata shikamoo, akainama moja kwa moja kwenye mguu. Kausalimia mguu! Mama kalima tumbaku Namtumbo maisha yake yote, watu wazima wanampigia magoti, halafu huyu anamfungua bandeji kama anafunua sufuria.

Kidonda kile cha muundi kilikuwa kimegoma kupona kwa miaka. Vidonge vya kila rangi, wapi! Binti akaeleza kwamba bakteria wamejifunika utando wa ute ndani ya nyama, dawa haiwafikii. Angekata kipande kidogo cha nyama, akipake rangi nyekundu inayong'aa ikishika utando, aangalie kwa darubini utando umeshuka mpaka wapi. Ukiwa umezama mpaka karibu na mfupa, daktari wa upasuaji atakata mguu. Ukiwa juu juu, atakwangua tu. Basi, mguu wa mama ukawa unangoja picha.

Picha ikaja. Binti anatuonyesha kwenye kompyuta pale hospitali huku anatabasamu: nyekundu inawaka juu mpaka chini. "Sijawahi kuona utando mzuri namna hii," akasema. Mzuri! Mimi natamani kumrushia kiti. Daktari akasema mguu ukatwe wiki hiyo hiyo.

Nyumbani nikamfungua mama bandeji nimsafishe, kazi ambayo siku zote aliifanya mwenyewe. Harufu ikanipiga puani. Tumbaku.

"Mama, hii nini?"

"Nasokomeza unga wa tumbaku kila asubuhi. Kidonda kinanuka, mwanangu. Unataka wageni waje kuninusa, mimi mama yako?"

Kwa mama hiyo ndiyo heshima: mgeni hapokelewi na harufu, na tumbaku kwake haijawahi kukosekana.

Nikarudi hospitali mbio na kandambili zangu, kuuliza kama unga ule ungeweza kuharibu picha. Nilipomwambia, binti akanywea. Eti jani la tumbaku huwaka jekundu lenyewe chini ya mwanga wa darubini ile, hata bila kupakwa rangi.

"Mama alipaswa kutuambia," akasema.

"Ulimuuliza nini wewe tangu ufike? Wewe uliongea na mguu!"

Nilifoka mpaka wauguzi wakatoka wodini kuangalia. Sijutii hata kidogo.

Kidonda kikaoshwa siku kadhaa, wakakata kipande kingine cha nyama. Safari hii utando ulionekana juu tu, vipande vipande, na chini yake nyama nzima. Daktari akakwangua, na kidonda kikaanza kujaa nyama mpya polepole.

Binti akaja tena nyumbani, kukagua kazi yake. Mlangoni tu akapiga goti. "Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Alivuta khanga, akaunyoosha mguu mpaka karibu na uso wa yule binti.

"Uamkie huu kwanza," akasema. "Ndio uliotaka kuukata."