Wifi Yangu Alivyochagua Choo cha Saiti

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa mtunza stoo kwenye saiti ya jengo la ghorofa saba. Watu walimwita Bi Kufuli kwa ajili ya shada la funguo alilolifunga kiunoni. Lilikuwa zito mpaka akitembea alielemea upande wa kulia, na siku aliyolisahau nyumbani alielemea kushoto siku nzima. Nami nilikuwa saiti hiyo hiyo, nabeba zege kwa karai. Yeye alisoma mpaka darasa la saba. Mimi na herufi tunasalimiana kwa mbali tu. Ndiyo maana yeye alikaa kivulini akiandika, mimi nikakaa juani nikiandikwa.

Tulikuwa wanawake kumi na mmoja na wanaume themanini na kitu. Choo kilikuwa kimoja, shimo lililozungushiwa mabati. Sitaki kulisema vibaya shimo lile, lakini nzi waliingia kwa zamu, na mbuzi mmoja aliyekatiza karibu alisahau njia ya kwao akakaa nasi wiki mbili. Wanaume walizoea. Sisi wanawake tulikuwa na dawa yetu: hatunywi maji. Tangu asubuhi mpaka jioni, karai kichwani, hata funda moja. Pipa la maji lilikuwa mlangoni pa stoo na kikombe chake cha bati, nasi tunalipita kama mtu tuliyegombana naye.

Siku moja Mama Pacha akaanguka. Huyu alikuwa mwanamke wa miraba minne, ana mapacha wawili na mume asiyejulikana alipo, na alibeba makarai mawili kwa mpigo, moja kichwani na jingine kwa hasira. Alianguka chali kwenye ngazi, zege lote likamwagikia viatu vya msimamizi. Msimamizi alitazama viatu kwanza.

"Huyu wa tatu mwezi huu," alisema. "Akianguka mwingine mmoja, nyote kumi na mmoja mnaenda nyumbani. Nitaajiri wanaume watupu."

Wifi alikuwa amepiga magoti, anamlowanisha Mama Pacha uso. "Bosi, huu si ugonjwa. Ni kiu."

"Kiu, na pipa lile pale?"

"Wanaogopa kunywa. Wakinywa itabidi waende kule." Akaonyesha shimo kwa kidevu.

Juma lile bwana afya alikuwa ameshapita, akaagiza shimo lifukiwe na tukodi vyoo vya kuhamishika, vile vibanda vya plastiki vinavyoletwa na lori. Basi msimamizi akasema, "Vyoo chagua wewe, Bi Kufuli. Una siku saba. Lakini neno langu ni lile lile. Mmoja akianguka, wote nje."

Tukirudi nyumbani nikamwambia, "Wifi, kazi yangu sasa iko chooni."

"Basi tulia, wifi, usije ukaidumbukiza."

Mwenye vyoo alikuja kesho yake amevaa tai. Alisifia kibanda cha kwanza kama anayeozesha binti: kina kioo, kina beseni la kunawia mikono, kina harufu ya waridi. Wifi alichukua chaki, akachora mstari ndani ya pipa la maji pale maji yanapofika likijazwa asubuhi, kisha akasema kibanda kishushwe karibu na lango, tukijaribu siku mbili.

Wanaume walikipenda mno. Fundi rangi aliingia na ndevu akatoka hana. Wawili waliingia kufanya mazungumzo. Foleni ikawa ndefu mpaka mpita njia mmoja akajipanga akidhani kuna ajira, akasogea na foleni, akafika mbele, akajisaidia, akashukuru. Siku ya pili jioni wifi akainamia pipa. Maji yalikuwa yamepungua vidole vinne, vile vile vya siku zote, sisi wanawake tukiwa hatujaligusa.

"Kirudishe," akamwambia mwenye vyoo.

"Kina kasoro gani, mama?"

"Hakinyweshi watu maji."

"Mama, choo hakinyweshi mtu maji!"

"Ndiyo kasoro yenyewe."

Cha pili kilikuwa chepesi na cha bei poa. Kilikaa saa tatu tu. Upepo ulikibeba na fundi seremala akiwa ndani, kikaruka ukuta, kikavuka barabara, kikatua mbele ya duka la dawa. Seremala akafungua mlango, akanunua vidonge vya kichwa, akarudi kazini kwa miguu. Nilimwona kwa macho yangu haya, na asiyeamini akaulize dukani.

Cha tatu mwenye vyoo alikuwa ameona haya hata kukionyesha. Kijani iliyopauka, ubavu mmoja umebonyea. Wifi aliingia, akajifungia, akakitikisa, akakaa humo hadi tukaanza kugawana kwa maneno funguo zake kama urithi. Alipotoka alisema komeo ni la chuma, matundu ya hewa yako juu ya kichwa cha mtu mrefu, msumari wa kutundikia nguo upo, na kimekaa imara chini. Tukashangilia. Kikawekwa pale pale langoni.

Siku ya tano jioni, vidole vinne. Siku ya sita saa tano asubuhi Mama Pacha akaanza kuyumba. Nilimdaka kwapani kabla msimamizi hajageuka, tukasimama tumekumbatiana kama tuliopotezana miaka.

Wifi akanivuta stoo, akafunga mlango. "Wewe wifi, mnataka nini? Komeo lipo, harufu hakuna. Kwa nini hamnywi?"

"Mlango wake unatazama wapi?"

"Unatazama matofali."

"Na juu ya matofali wanakaa nani?"

Stoo ilikuwa imeupa mgongo upande ule, wifi hakuwahi kuona. Nikamweleza. Wanaume wakipumzika hukaa juu ya lile rundo la matofali. Mwanamke akiingia chooni, fundi nondo hupaza sauti, "Huyooo!" kisha wote wanahesabu: moja, mbili, tatu. Mama Pacha alitoka kwenye mia mbili na kumi wakampigia makofi.

"Sasa mimi ninywe maji ili nikahesabiwe?" nikamuuliza.

Wifi akafungua mlango wa stoo akamwita mwenye vyoo, aliyekuja siku ile kuchukua vibanda vilivyokataliwa. "Hiki cha kijani kihamishie nyuma ya stoo. Mlango uelekee ukuta wa stoo."

"Ukutani? Mtu ataingiaje?"

"Kiubavu."

"Mama, miaka yote ya biashara hii sijaona mteja anayeficha mlango!"

"Sasa umemwona. Acha nafasi ya kumtosha huyu." Akamsimamisha Mama Pacha kati ya kibanda na ukuta. "Akipita yeye, tumepita wote."

"Wifi yako ana dharau," Mama Pacha akaninong'oneza, lakini alipita.

"Na wanaume?" mwenye vyoo akauliza.

"Warudishie kile cha kioo, wakatazamane."

Siku ya saba asubuhi Mama Pacha alikwenda pipani mbele ya watu wote. Akanywa kikombe kizima. Akatazama upande wa matofali. Akanywa cha pili, akajifuta mdomo, akapotea nyuma ya stoo. Fundi nondo akaanza, "Moja, mbili..." Walipofika ishirini mmoja akasema bado hajaingia, amesimama tu ukutani. Mwingine akasema ameshatoka zamani. Wakagombana, hesabu ikafa. Baada ya hapo tukanywa kumi na mmoja wote. Mimi peke yangu nilikunywa maji ya kujaza kisima kidogo, na bado nilikuwa na nafasi.

Saa sita msimamizi alikuja na kikombe, akainama, kikombe kikakwaruza chini ya pipa.

"Bi Kufuli! Maji nani kayamaliza?"

"Wameyanywa, bosi."

"Nani?"

"Wanawake."

Msimamizi alisimama na kikombe kitupu. Kutoka nyuma ya stoo ilisikika sauti ya Mama Pacha, "Wewe uliye ndani, toka! Umepanga chumba humo?"

"Yupo aliyeanguka?" msimamizi akauliza.

"Hayupo."

Akageuza kikombe, akakitazama chini. "Agiza pipa la pili," akasema, akaenda zake.

Kibanda cha kijani kikakodiwa mpaka jengo likaezekwa, na sisi kumi na mmoja tukawa pale mpaka bati la mwisho. Hakuanguka mtu tena, isipokuwa fundi nondo, na yule alisukumwa.