Majina ya Kuitwa Majini

Siok-hun alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kusoma hakujua zaidi ya namba zilizochorwa kwenye mitungi ya hewa. Alichokijua ni bahari ya kisiwa chao, Liuqiu. Hakuna mzamiaji aliyejitosa kabla Siok-hun hajamvuta mikanda kuona kama imekaza.

Katika duka la vifaa vya kupiga mbizi alikofanya kazi ujanani, kila msimu wenzake walimwuliza mumewe yuko wapi, wateja wakacheka. Ndiyo maana yeye na Peijun, mwalimu aliyempenda kama mdogo wake wa damu, wakaanzisha chama chao cha kupiga mbizi: wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, na wale ambao kitambulisho kinasema hivi nao wanajijua vingine. Sharti lilikuwa moja. Kabla ya kuingia majini, kila mtu humwambia mwenziwe jina analotaka kuitwa, ili akiibuka amebanwa na msuli, aitwe jina atakaloliitikia bila kufikiri. Siok-hun aliyaweka yote kichwani, thelathini na zaidi.

Makaratasi yalikuwa kazi ya Peijun. Siok-hun alimwachia muhuri wake wa jina, ule wa kugonga mahali pa sahihi. Ndugu huachiwa muhuri.

Jumapili moja walipanda boti ya hoteli, imejaa wazazi na watoto. Meneja wa hoteli akasimama na orodha, akaita, "Lin Chia-hao! Bwana Lin!"

Wan-ning, binti aliyekuwa mwanachama kwa miaka minne, akainua mkono polepole. "Ni mimi."

"Mama, mbona huyo bwana ana nywele ndefu?" mtoto akauliza. Boti nzima ikacheka.

"Peijun!" Siok-hun akang'aka. "Tangu lini watu wetu wanaitwa hivyo?"

"Dada Hun, punguza sauti, kuna wageni. Askari wa pwani wanataka orodha ya majina ya vitambulisho."

"Miaka tisa tunawapa mkononi. Nani aliwahi kuipigia mbiu?"

"Boti ni ya hoteli, na utaratibu ni wao. Wanataka chama kisichowatisha wazazi. Tena wewe mwenyewe ulikubali."

"Nilikubali lini, wewe?"

Meneja akafunua karatasi ya makubaliano na hoteli. Chini, mwekundu kama kidonda kibichi, ulikuwepo muhuri wa Siok-hun.

"Umenigongea bila kuniambia!"

"Ningekusomea ungeelewa nini, dada yangu?" Peijun akatabasamu kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa. "Nilikupunguzia kero tu."

Wan-ning alikuwa ameshavua mapezi ya miguuni, ameruka gatini. Siok-hun naye akashuka mbio, akamshika mkono.

"Mwanangu, sikujua. Naapa sikujua."

"Shangazi, muhuri si wako?"

"Ni wangu, lakini..."

"Basi." Wan-ning akautoa mkono wake taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Hapa ndipo mahali pekee nilipokuwa sijajiandaa kutukanwa."

Akakata tiketi ya kivuko cha saa nne unusu.

Nyuma yake injini ikanguruma. Siok-hun akageuka. Wanachama kumi na mmoja walikuwa wameketi, wameinamia vidole vya miguu yao, na hakuna aliyeshuka. Peijun alikuwa akipita kutoka mmoja hadi mwingine, akiwavuta mikanda kuona kama imekaza.