Mawe Yaliyokaa Mahali Pangu

Jirani yangu wa duka hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, anauza maturubai. Kila asubuhi akikunjua jipya na kulitandaza juani, mimi hufunika pua kwa kitenge, na wateja wangu hudhani naringa. Siringi, jamani. Harufu ile ya plastiki iliyopashwa jua hunirudisha moja kwa moja ziwani, kwenye mashua ya baba, na nikishafika huko hasira hunipanda hata kama niliamka vizuri.

Acheni niwaeleze ilivyokuwa. Tulikaa Kasese mjini, karibu na mto Nyamwamba: baba, mama, mimi Masika, na mdogo wangu Baluku. Mto ukafurika, ukabeba nyumba, jiko, na kuku wote pamoja na banda lao. Watu wa msaada wakatupa turubai la buluu tujengee kibanda. Wenzetu walijenga vibanda, kama watu wenye akili zao. Baba yangu, aliyekuwa ametoka jeshini bila cheo chochote ila sauti ya jenerali, alilitazama lile turubai siku nzima. Jioni akatangaza kwamba nchi kavu imetushinda, tunahamia majini.

Mashua aliipata Kahendero, kwenye Ziwa George, kwa rafiki yake wa zamani wa kambini. Ilikuwa kuukuu na haikuwa na injini. Basi mama, ambaye ni mtu wa Butembo kule Kongo na sindano anaijua, akakata lile turubai, akalishona kwa uzi wa nyavu, na baba akasimamisha mlingoti wa mkaratusi. Tukawa na tanga. Maandishi ya wale waliotupa msaada yalikaa kichwa chini. Wavuvi wa Kahendero wanatumia makasia na injini, tanga hawana habari nalo, kwa hiyo siku tuliyoondoka kijiji kizima kilitoka kutucheka. "Afande, unaenda Ulaya?" walimwuliza. Baba akawapigia saluti.

Tuliishi humo ndani. Sisemi tulivua humo, nasema tuliishi. Sigiri ilikaa ndani ya karai lenye mchanga, na mama alikaanga samaki wa ngege huku mafuta yakiyumba upande na upande. Tulizunguka visiwa vidogo vya ziwa lile, kimoja hadi kingine, bila kushuka, kwa sababu ni eneo la mbuga na askari hawakuwa na mchezo. Tulifunga kamba kwenye mafunjo, tukasikiliza viboko wakikoroma. Giza likikaribia, tanga lilishushwa na kugeuka paa, na asubuhi jua lilipopenya sote tulikuwa wa buluu, hata uji. Baluku alikataa kunywa uji wa buluu. Mimi niliunywa na kuomba mwingine.

Sasa sikilizeni jambo moja kuhusu mashua ile, maana ndilo lililonimaliza. Ilikuwa nyembamba na tanga lake lilikuwa kubwa kuliko adabu yake. Upepo ukivuma, ililala ubavu mpaka maji yakachungulia ndani. Baba alishika kamba ya tanga, mama kasia la nyuma, na sisi watoto tulikuwa uzito. Kazi yetu ilikuwa kukaa upande ulioinuka ili mashua irudi sawa. "Masika, kulia! Haraka! Masika, kushoto!" Baba alitoa amri zake za jeshini, nami nilikuwa nimeshafika kabla hajafunga mdomo. Baluku aliuliza kwa nini, au alilia, au alisema kwanza amalize samaki wake.

"Huyu mutoto anasikia sana," mama alikuwa akisema.

"Anasikia," baba alijibu, na aliishia hapo.

Hamjui maneno hayo yalinifanya nini. Niliyalalia na kuyaamkia. Niliamini kabisa kwamba mashua ile haiwezi kwenda popote bila mimi, na sikutaka kitu kingine duniani ila kubaki nayo. Baba alikuwa ametuahidi kisiwa kimoja cha mbali, ambacho ndege weupe hukaa juu ya miti mpaka majani hayaonekani. Nilikuwa nasubiri upepo mzuri tu.

Siku moja tulitia nanga Kahendero kuuza samaki. Baba alituambia tuokote mawe. Tulipoyaleta, akalaza ubao juu ya gogo. "Masika, kaa hapa." Nikakaa mwisho mmoja, naye akaanza kupanga mawe mwisho wa pili, moja baada ya jingine, mpaka miguu yangu ikaondoka chini. Loo! Sikuwahi kuona baba akicheza na mtoto. Nilicheka mpaka kwikwi ikanishika. Alitoa jiwe, nikashuka. Akaongeza, nikapanda. Jiwe la mwisho nililichagua mwenyewe, jeusi lenye mstari mweupe uliolizunguka pande zote. "Weka hili, Baba, hili ni zuri!" Akaliweka, na ubao ukatulia, huku na huku sawasawa.

"Iko sawa," baba alimwambia mama. Hakuwa anacheka. Mama aliinama kupuliza moto, na moto wenyewe ulikuwa unawaka vizuri tu.

Niliomba turudie mchezo, wakasema kesho. Tukayabeba mawe kuyapeleka kwenye mashua. Lile la mstari mweupe nililibeba mimi, kifuani, nikalilaza taratibu pale nilipozoea kukaa.

Asubuhi mdogo wake mama akaja kwa bodaboda kutoka Bwera, kitoto mgongoni. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, yule yule ambaye duka lake nimelirithi. Upepo ulikuwa mzuri, tanga lilikuwa limeshapandishwa.

"Masika, shuka," baba akasema. "Nenda na mama mudogo mpaka Kikorongo, mulete chapati. Mukirudi tunaenda kisiwa ya ndege."

Nikashuka. Sikuuliza hata swali moja.

Kikorongo, kwenye njia panda ya barabara kuu, tulinunua chapati kweli, na moja nikaifunga pembeni kwa ajili ya Baluku. Lori lililokuwa linaelekea mpakani likasimama. Mama mdogo akanishika mkono.

"Mama mudogo, mashua iko huku nyuma," nikamwambia.

"Panda kwanza, mwana wangu."

Nikapanda. Niliposhuka nilikuwa Bwera, na kile kitoto kikahamishiwa mgongoni kwangu. Hapo ndipo nilipoambiwa kwamba nimefika nyumbani. Chapati ya Baluku niliificha mpaka ikaota ukungu, mama mdogo akaitupia mbuzi. Nililia kwa ajili ya chapati ile kuliko nilivyolia kwa ajili yangu.

Sitaki mumchukie mama mdogo. Alinilisha, alinisomesha kadiri alivyoweza, alinifundisha kupima kitambaa bila kumpunja mtu. Baba hakuja. Mama alikuja Krismasi na samaki wa kukaushwa, akanisuka nywele, akasema, "Ni maisha tu," akarudi. Nami nilikaa miaka nikijichunguza nimekosa nini. Labda ni ule mwiko nilioudondosha ziwani. Labda nilikunywa uji mwingi. Mtoto aliyeachwa hakosi sababu, anazo tele.

Kilichonifumbua macho ni viazi. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, napita sokoni, nikamwona Mkongo mmoja ambaye mizani yake imeharibika. Alikuwa ameweka ubao juu ya gogo, gunia la viazi huku, mawe kule, anaongeza na kupunguza. Ubao ukatulia. "Iko sawa," akamwambia mteja. Nilisimama pale mpaka watu wakanisukuma. Kumbe nilipimwa! Baba yangu mzazi alinipima kama gunia, na mimi nikacheka, nikamchagulia na jiwe.

Mwaka jana nilikwenda Kahendero. Baba amezeeka, na mashua imepinduliwa ufukweni, kuku wanalala chini yake. Mama alikuwa anapika nje. Kati ya mawe matatu ya jiko lake, moja lilikuwa na masizi, lakini mstari mweupe ulikuwa bado unaonekana. Nilisahau hata kusalimia. Nilimwambia baba kila kitu, ubao, mawe, chapati, nikipandisha sauti kama mwehu, na kuku wakakimbia.

Akaigeukia ile mashua iliyopinduliwa. Nilidhani ataniomba msamaha.

"Ile mashua haikutulia tena," alisema. "Mawe haisikii. Upepo inageuka, unaipigia kelele, yenyewe imelala tu."

"Mbona mimi, Baba? Mbona si Baluku?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Baluku angekataa kushuka."

Basi. Miaka yote ile nilikuwa natafuta kosa langu, kumbe halikuwepo. Niliachwa kwa kile kile walichonisifia. Mama mdogo alitaka wa kumbebea mtoto, walihitaji kumshusha mmoja, wakamchagua yule ambaye hatawasumbua. Nilitamani wangenipiga kuliko kunijua vizuri hivyo.

Upepo wa ziwani ukageuka, moshi wa jiko ukaja wote usoni kwangu.

"Masika, sogea," mama akasema. "Sogea huku, moshi itakuumiza."

Mguu wangu ulikuwa umeshainuka. Nikaurudisha chini. Nilikaa pale pale kwenye moshi, machozi yakinitiririka, na sikusogea.